Asali na Vigelegele Vyangu

Jumatatu, 4 Agosti

Vitumbua vimetoka vizuri, vitatu tu vimeungua. Nyumbani wote wameamka. Baba Rehema kaamka na mgongo wake, kaenda lindoni hivyo hivyo. Mama mkwe kaamka salama, kaomba uji wa ulezi, kamaliza bakuli. Binti yangu mdogo Hawa kaenda shule, kasahau daftari. Dada yake Rehema katoka mapema, kaenda hotelini kufua mashuka.

Hayo niliandika kabla ya kwenda kuuza. Sasa nimerudi. Rehema hafui mashuka.

Jirani yangu Mama Zuhura kaja kuchukua vitumbua vyake, kaniambia, "Mwanao mie nimemkubali. Kushindana na farasi si mchezo. Jana yule mnyama kamburuza mpaka kwenye michongoma." Nikamwambia umemfananisha. Akasema, "Rehema namfananishaje? Si kavaa ile fulana yako yenye tundu?"

Mafuta yametoa moshi jikoni nayaangalia tu. Miezi mitatu mtoto ananihadithia sabuni na pasi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemfuata. Mabanda ya farasi yako nyuma ya mahoteli, Kunduchi huku huku. Mwenyewe ni Mzee Mshana, anakodisha farasi kwa wageni wa ufukweni na kwa maharusi. Rehema aliponiona kashtuka kuliko mie.

Farasi mwenyewe jike, rangi ya asali, na jina lake Asali. Mkubwa. Mie farasi nimezoea kumwona kwenye picha, anakuwaga mdogo.

Mwezi wa tano alipelekwa harusini Ubungo. Mtu kafyatua fataki karibu na masikio yake. Kamwangusha bwana harusi mbele ya wakwe, kakimbia mpaka barabara ya Morogoro. Tangu hapo ngoma hataki, mwavuli hataki, hata turubai likipeperuka hataki. Aliyekuwa anamtunza kavunjwa mkono, kaacha kazi. Ndiyo akapewa Rehema. Asali akitulia, kazi ni ya Rehema moja kwa moja. Asipotulia, Asali anauzwa, Rehema anarudi nyumbani.

Nikasema arudi leo. Rehema akasema, "Mama, njoo kwanza umsalimie."

Sikuthubutu kumtazama. Nikaenda upande upande, macho chini, kama naingia kwa wakwe. Mdomo ukatoa shikamoo wenyewe. Rehema kacheka mpaka kachuchumaa. Lakini farasi kaninusa bega. Rehema anasema watu wanamwendea kifua mbele, wanamkodolea macho, ndiyo anaogopa. Mie nimepatia bila kujua.

Nimerudi sijamtoa mwanangu. Sijielewi.

Jumatatu, 11 Agosti

Naenda kila nikimaliza kuuza. Namwangalia tu, moyo uko juu.

Kazi yenyewe ya ajabu. Rehema hampandi Asali. Wanatembea wote chini, kamba mkononi. Hatua tatu, simama. Hatua mbili, rudi nyuma. Rehema anavuta kidogo sana, na Asali akisogeza hata kwato moja, analegeza papo hapo. Huko kulegeza ndiyo asante yake. Saa nzima kwa ajili ya kukanyaga turubai moja lililotandikwa chini. Mie ningekuwa nimeshamzaba kofi.

Ijumaa, 15 Agosti

Kalikanyaga. Miguu yote minne. Rehema kamkuna shingo. Mie ndiyo nimelia. Jumatatu wanaanza ngoma.

Jumatano, 20 Agosti

Sijui niandikeje.

Ngoma ilipigwa mbali, kisha karibu, kisha hapo hapo. Asali kasimama. Kashusha kichwa, kalamba midomo, ile Rehema anasemaga ndiyo dalili ya kutulia. Mtoto kanigeukia uso unang'aa. Nikapiga vigelegele.

Sikufikiri. Mwanamke akiona mwanawe kashinda anafanya nini kingine. Vilitoka vyenyewe, vya nguvu, vile vya kumtoa mwali ndani.

Asali kanyanyuka miguu miwili. Rehema kaanguka. Farasi kapita juu. Vumbi. Vumbi lilipotua mwanangu hasogei.

Mie nimefanya. Si farasi. Mie.

Alhamisi, 21 Agosti

Hospitali, Mwananyamala. Kavunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Kichwa salama. Wiki sita mkono usibebe kitu. Baba Rehema hajanigombeza. Angenigombeza ningepumua.

Jumamosi, 23 Agosti

Mzee Mshana kaja kumwona mgonjwa, kaleta machungwa. Kasema pole. Kasema pia Asali amepata mteja, mtu wa mikokoteni, Pugu huko. Rehema kageukia ukutani. Alipovunjika hakulia. Hapo kalia.

Mdomo huu huu uliomponza mtoto ukafunguka tena. Nikasema kamba nitashika mie.

Mzee kaniangalia. "Wewe mama wa vitumbua?"

"Mie huyo huyo."

Kacheka. Alipoona sicheki kaacha. Kasema kuna harusi tarehe 27 mwezi wa tisa, anampa Asali mpaka siku hiyo, akiharibu tena hakuna maneno.

Mama mkwe anauliza nimerogwa na nani. Yule mnyama namchukia. Nikimwona naona vumbi. Lakini Rehema kala leo, mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumatatu, 1 Septemba

Siku ya kwanza. Rehema kakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya uzio, mkono umefungwa, ananiamrisha kama mwalimu mkuu.

"Mama, usizungushe kamba mkononi, huyo si mbuzi wa Idi. Akikimbia unaondoka naye."

"Mama, pumua. Usipopumua na yeye hapumui."

Asali aliposikia sauti yangu kaenda pembeni kabisa, kabana makalio kwenye mbao. Ananikumbuka. Nikasimama mbali, natetemeka, naye anatetemeka. Saa nzima. Wote tunaangalia mchanga. Hakuna kilichofanyika. Rehema anasema kimefanyika.

Alhamisi, 4 Septemba

Asali kapokea kamba. Hatua tatu. Nikalegeza.

Miguu inaniuma hadi kwenye nyonga. Hawa ndiyo kauza vitumbua leo.

Jumatatu, 8 Septemba

Rehema kasema neno lililonikata maini. Harusi haina fataki kila siku, ila vigelegele haikosi. Asali lazima avizoee, na lazima avisikie kwangu, maana kwangu ndiko vilikomtisha.

Nilikataa. Tangu siku ile hata kikohozi nakizuia nikiwa pale.

Nimefanya. Nje ya uzio, mbali. Mara ya kwanza pumzi tu, ulimi unacheza mdomoni, sauti hamna. Asali kasimamisha masikio. Nikanyamaza. Kashusha kichwa. Tena. Tena. Mlinzi wa geti kaja kuniuliza kama jino linanisumbua.

Jumapili, 14 Septemba

Nilitia sauti mapema mno. Kakimbia uzio mzima mara tatu, jasho jeupe kifuani. Hakuumia mtu. Nikakaa chini mchangani. Nimerudi kwenye pumzi.

Ijumaa, 19 Septemba

Sauti kamili, hatua tano kutoka kwake. Ngozi ya bega ikamcheza. Kabaki.

Kisha nikageuka kwenda kunywa maji, nikasikia kwato nyuma yangu. Ananifuata, kamba imelegea. Nilishtuka nikasimama. Naye kasimama. Chuki imeondoka lini sijui, sikuiona ikitoka.

Jumamosi, 27 Septemba

Mwananyamala. Uchochoro mwembamba, maturubai, spika kubwa kama kabati. Mie kushoto na kamba, Mzee Mshana kulia, bwana harusi juu, katoa jasho kuliko farasi. Rehema nyuma. Kila hatua nasema moyoni asikae nyuma ya miguu ya Asali.

Ngoma tumeipita. Miavuli tumeipita. Tukafika mlangoni kwa bibi harusi, wanawake wametoka wote kwa mpigo, labda arobaini, na vigelegele vyao vya kweli.

Asali kanyanyua kichwa. Jicho jeupe. Mguu wa mbele ukaacha ardhi. Nikajua imekwisha. Mkono ulitaka kuvuta, mwili mzima ulitaka kuvuta.

Nikalegeza. Nikasogea upande wa sikio lake nikapiga kigelegele changu, kile kidogo, karibu na pumzi. Sikio moja likanigeukia. La pili. Mguu ukarudi chini.

Bwana harusi kashuka mwenyewe, kwa miguu yake. Watu wanacheza. Mie nimesimama na kamba, sisikii chochote. Rehema kaniambia nilikuwa naendelea na kile kigelegele kidogo muda wote, hata baada ya wanawake kunyamaza. Sikumbuki.

Mzee Mshana kasema, "Haya, mama wa vitumbua." Basi. Asali habanduki, hauzwi tena. Kazi ni ya Rehema.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mkono wa Rehema umefunguliwa Ijumaa. Mwembamba kuliko mwingine. Asubuhi hii kajifunga viatu mwenyewe, kaenda kazini kwake. Kaaga hivyo, "naenda kwa farasi", mbele ya baba yake na bibi yake, wazi.

Mie nilikuwa nimeshajitanda kanga, niko mlangoni nimfuate. Kaniangalia. Nikajitandua, nikarudi kukaanga.

Nimemwomba kitu kimoja tu. Akifika, na akishamshika Asali kamba, anijulishe upesi. Abipu tu. Si lazima kuongea.