Usukani Uliokuja Badala ya Mabati

Baba Festo,

Huku tupo, mume wangu. Mvua zimeanza, na jikoni panavuja palepale unapopajua. Nilikutuma Tunduma ulete bati mbili, ukarudi na usukani. Sijasahau, na kufa kwako hakujakufutia kosa.

Ule wa zamani, mkubwa kama ungo, ulikuwa umepasuka na kukukata viganja. Hilo nakubali. Lakini huu mpya! Mdogo, wa mbao iliyong'arishwa, na katikati kidude cha honi chenye kichwa cha simba. Gari lenyewe Pijo kuukuu, ulilouziwa na mapadri waliokuwa wameshalichoka tangu mimi na wewe hatujaoana. Nikakuuliza, kizee anavalishwa hereni za nini? Ukacheka, ukasema, "Mama Festo, siku hizi ruksa." Nikakununia siku nne.

Ukaufunga mwenyewe, maana wewe na mafundi wa watu! Waya ukaugusisha pasipotakiwa, na tangu hapo kila ukikata kona ya kushoto gari likapiga honi lenyewe. Wazee wakawa wanakuvulia kofia wakidhani unawasalimia, nawe kwa aibu unawapungia. Mimi ilinifaa. Ukiingia kona yetu ya Katandala, nasikia, naepua ugali. Hukula tena ugali uliopoa.

Siku ya mazishi, mdogo wako Gaspari ndiye aliyeendesha, wewe ukiwa nyuma ndani ya jeneza, hadi kwenu Msanzi. Kwaya inaimba polepole. Akakata kushoto kuingia makaburini, honi ikalia, ndefu. Nilicheka, Baba Festo. Mbele ya mama yako. Nikajifunika kanga, wakadhani nalia, na kweli nilikuwa nalia.

Baada ya arobaini ukoo ukakaa. Gaspari akalitaka gari akabebee dagaa wa Kirando, eti mimi hata gia siijui. Baba yako mkubwa akaamua: "Mkwe wetu, ukiliendesha mwenyewe kutoka mjini hadi hapa Msanzi kabla ya mavuno, ni lako na watoto. Ukishindwa, Gaspari alichukue." Sikubishana. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza, gari likienda, mahindi yangu yatafikaje sokoni, na Festo atarudije shule?

Basi najifunza. Fundi Deusi, yule jirani uliyekuwa ukimcheka, ananifundisha asubuhi uwanjani. Ananiita "dereva" bila kutabasamu, Mungu ambariki. Alitaka kuitengeneza honi, nikamwambia akiigusa tu, tutagombana. Usukani wako wa fahari, kwa udogo wake, ni mzito kuuzungusha, mume wangu. Jioni nashindwa hata kuinua sufuria. Ningekuwa na ule ungo wa zamani ningekuwa nimeshafika Msanzi zamani! Ila upande wa kulia mbao imefifia rangi pale ulipozoea kushika, nami nashika hapohapo.

Jumamosi nakuja. Deusi atakaa pembeni, lakini nimeshamwambia mikono aiweke mapajani. Nitaanzia kwako kaburini nikupe habari za watoto, halafu nitamwamkia baba mkubwa, funguo zikiwa mkononi mwangu. Nakuahidi. Na mwaka huu mabati nitakwenda kuyanunua mwenyewe, wewe siyo wa kutumwa.

Kuna jambo niliona haya kukuambia hapo juu. Wiki tatu nzima nimeendesha nikiwa ukingoni mwa kiti, klachi naikanyaga kwa ncha za vidole, kwa sababu kiti kilikuwa bado nyuma, kwenye urefu wa miguu yako, nami sikutaka mtu akiguse. Deusi aliona, akaendelea kuniita dereva. Leo asubuhi nimekivuta mbele kwa mkono wangu. Kilikwama kidogo, kikaja. Nimelia, nikapangusa uso, nikawasha gari.

Pumzika, Baba Festo. Miguu yangu sasa inafika.

Mkeo,
Mama Festo