Kamera Ndogo Uliyonitumia, Kaka

Kaka yangu,

Shikamoo. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa unacheka kabla sijamaliza kusema, nami nikikusikia unacheka nasahau nilichotaka kukuuliza. Kwa hiyo nakuandikia, tena hadharani, ili usije ukasema hukuipata. Na wengine wenye kaka zao walio mbali wasome, huenda nao wametumiwa vifurushi.

Cha kwako kimefika. Kondakta wa basi alinikabidhi boksi la viatu ulilolizungushia selotepu mpaka nikatafuta kisu, na ndani, katikati ya fulana yako ya zamani, nikakuta kamera ndogo ya kidijitali, ya kuenea kiganjani. Jioni ukatuma sauti yako: "Hiyo ndogo ni yako kabisa. Jaribu kufanya nayo kazi. Ile kubwa tutaongea."

Tutaongea nini, kaka? Wewe ndiye uliyekuwa ukiniazima kofia asubuhi na kuidai kabla jua halijazama. Mtu wa namna hiyo hatumi kamera kutoka Dar mpaka Tabora kwa sababu tu amemkumbuka mdogo wake. Nikaiweka mezani nikaitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Unakumbuka siku ulipoondoka? Tulisimama stesheni, treni imechelewa, ukauvua mkanda wa kamera kubwa shingoni mwako ukanivalisha mimi. Ukasema, "Nakuachia." Basi, ukapanda. Mama anayemwacha mtoto kwa jirani akaenda sokoni husema nakuachia, na mzee anayemkabidhi mwanawe shamba husema neno hilohilo. Nimeishi na neno lako miaka yote hii bila kujua ni la jirani au ni la shamba. Nimelisha watu kwa kamera hiyo, nimeisafisha, nimeitengeneza, na kila ukipiga simu ukauliza "Kamera haijambo?" najiuliza kama umeanza kuidai.

Nilianza kwa kuitafutia kasoro hiyo ndogo yako. Nikaipeleka mtaa wa Ng'ambo kwa fundi wetu wa simu na redio, akaigeuzageuza, akaniambia ni nzima, nisihangaike. Alisema haraka mno. Nikamuuliza kama umempigia simu, akaniambia nina matatizo. Hajakana, lakini.

Nikaijaribu juani. Nilijua kamera nyingi ndogo zina kioo cha nyuma tu, na kioo hicho kwenye jua la saa saba hapa kwetu hakikuonyeshi kitu isipokuwa uso wako mwenyewe umeukunja. Nikageuza, nikaona hii ina tundu la kuchungulia, dogo, pembeni. Lenzi yake inavuta mbali yenyewe, si kuikuza picha ikabaki ukungu. Kumbe umechagua kwa makini. Na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mtu anayetoa zawadi ya kupita tu hachagui hivyo.

Halafu ni nyepesi. Nani alikwambia habari za bega langu? Sijamwambia mtu ila Mama, na Mama aliniapia kwamba hasemi. Nikibeba lile begi la kamera kubwa na lenzi zake siku nzima ya harusi, kesho yake sichani nywele. Sikutaka ujue. Nilijua ukijua tu, utasema nimeshindwa kazi.

Ndogo hii lenzi yake haifunguki, na hapo nikakumbuka barabara ya Urambo nikacheka peke yangu. Unaikumbuka ile harusi ya msimu wa tumbaku? Ulibadilisha lenzi nje ya gari, upepo ukapita na vumbi lake, nawe ukasema hakuna shida. Picha zilipotoka, juu ya kichwa cha bibi harusi kulikuwa na vidoa vyeusi vitatu, kila picha. Baba wa bwana harusi akauliza, ukamjibu bila kupepesa macho kwamba ni ndege. Mzee akazipanga picha zote mezani, nje ya kanisa, mlangoni, hadi ndani ukumbini, akasema, "Ndege hawa wanaipenda sana familia yetu." Tulirudia kuwapiga wote upya, na yule mzee akatupa na kuku. Ndogo hii vumbi halina mlango wa kuingilia. Nakupa haki yako hapo.

Jumapili iliyopita nikaenda nayo Kigwa, kwenye kipaimara. Kubwa niliiacha nyumbani makusudi. Nilitaka nishindwe, ili nikurudishie boksi lako. Kufika tu, baba wa mtoto akatazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu, akauliza kwa upole kama kamera nimeisahau kwenye gari. Nikamwonyesha. Akamwita mkewe, wakanong'ona. Nilijua wananong'ona nini, maana hata mimi ningenong'ona.

Kanisani ndogo ilinisumbua, sikufichi. Mwanga ni hafifu, na nyuso za watoto madhabahuni zimetoka na chembechembe kama zimenyunyiziwa mchanga. Kubwa isingefanya hivyo. Lakini nje, uani, bibi wa yule mtoto akasimama na kilemba chake, mkono begani kwa mjukuu, pumzi ameibana kama unavyowajua. Nikabonyeza. Nikamwambia tayari. Hakusogea.

"Tayari nini? Sijasikia kitu."

Nikamweleza kwamba hii hailii. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuuzia debe la mahindi lisilojaa. "Binti, umenipiga au umenidanganya?"

Hilo sikulitegemea, kaka. Wewe na mimi tumewazoesha watu wetu mlio wa ile kubwa, wakiusikia ndipo wanajua wameruhusiwa kupumua. Sasa ukoo mzima ukawa umesimama juani umejikausha, unasubiri mlio usiokuja. Nikasema "kwa!" kwa mdomo. Yule bibi akashtuka, akaangua kicheko, wakacheka wote, na wakati wanacheka nikabonyeza na kubonyeza, hakuna aliyejua. Kila walipojipanga upya nikapiga "kwa!" yangu, wakapumua, nami nikawapiga baada ya hapo.

Ulinifundisha nisubiri watu wachoke kupigwa picha, ndipo niwapige. Nilikuwa nikisubiri mpaka miguu inauma. Hizi za Kigwa hazikunisubirisha. Bibi yule yumo na pengo lake, na mjukuu anamfuta machozi ya kucheka kwa ncha ya kilemba. Nimezitazama kila jioni nikitafuta ubaya, sijauona.

Basi, nimeichagua. Kwa vipaimara na harusi za vijijini na safari zote za kupanda na kushuka, nitakwenda na ndogo. Ndani ya makanisa yenye giza nitasogea karibu zaidi na nitawaomba wafungue madirisha. Nimekubali, na nilipokubali tu, wasiwasi ukarudi na nguvu zote, kwa sababu sasa ile kubwa haina kazi, na wewe ulishasema tutaongea. Nikafikiri unataka kuiuza. Nikafikiri kazi yako ya bandarini huko Dar imekwisha na unaona haya kusema. Nikafikiri umepata mtu huko wa kumfundisha, na mimi ndiyo basi.

Nikaenda kwa Mama, mtaa wa Cheyo, kumuuliza. Alikuwa anamenya karanga, hakuinua hata uso. Nikamwambia yote, la bega nikamlaumu, akaendelea kumenya. Nilipofika kwenye kamera kubwa akasema, "Kama anaitaka, si yake? Wewe unaogopa nini?"

Jibu nililipata njiani nikirudi, na ndilo nililokusudia kukuandikia tangu mstari wa kwanza, mengine yote nilikuwa nazunguka.

Wenzako walioko Dar wana vitu huku. Huyu ana kiwanja, yule ana ng'ombe kwa mjomba wake, mwingine ana nyumba aliyoijenga ikafika kwenye lenta, juu ya madirisha tu, miaka mingi iliyopita na haimalizi. Vitu hivyo huwarudisha, hata kama ni kuja kugombana na fundi. Wewe huna kitu Tabora isipokuwa sisi na hiyo kamera. Na sisi tunapatikana kwenye simu.

Kwa hiyo sifungi boksi, simpi kondakta, simpi mtu yeyote anayesema ametumwa na wewe hata akija na sauti yako. Sitaki tuongee. Ni yako, sibishani tena. Ipo kabatini, lenzi zote zimefutwa, betri imejaa. Njoo uichukue mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako wa kike,
asiyekuamini, na anayekungoja.