Kombe Chini ya Bomba

Kaka mpenzi,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila goti la Mama bado linamsumbua, na lile koti lako ameligeuza mkoba.

Nimepewa Tuzo ya Vijana ya serikali kwa kupeleka maji wodi ya wazazi kwa baiskeli, madumu manne kila asubuhi, miaka miwili sasa. Kabla sijapanda jukwaani, afisa vijana alininong'oneza, "Wewe shukuru tu. Habari za bomba achana nazo."

Nikashukuru. Kisha nikamwambia waziri aliyenikabidhi kombe, watu wote wakisikia, kwamba bomba la wodi ni kavu tangu dada yetu alipokwenda kujifungua akafia pale. Hilo mimi na wewe hatujawahi kulizungumza. Wakazima kipaza sauti. Nikaendelea kwa koo langu.

Sasa afisa anasema niombe radhi au nirudishe kombe. Mama ananisihi niyamalize. Siombi ng'o!

Kombe nimemwambia afisa akalichukue mwenyewe. Liko wodini, nimelitega chini ya bomba. Siku bomba hilo likilijaza, ni lake.

Mdogo wako,
ambaye wauguzi wanamwita Madumu