Nimejipa Bustani ya Mama Mkwe

Shangazi mpendwa, salamu zitakuja baadaye, kwanza nisaidie, maana nimefanya jambo la kipuuzi ambalo hata mume wangu sijamwambia, na kila nikilikumbuka nasikia uso unawaka kama nimezabwa kofi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nakaa mapokezi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, wale wa kalenda na kadi za harusi. Mama mkwe wangu ni fundi cherehani mstaafu, na tangu baba mkwe afariki anaishi peke yake na huzuni yake yote ameimalizia kwenye mimea, yaani nyuma ya nyumba yake huna pa kuweka mguu, ndoo za rangi, makarai yaliyotoboka, hadi sinki la zamani, kote kumejaa mnanaa, kotimiri, mrehani, rozmari na mchaichai, na mnanaa unaujua Shangazi, ukikata tawi moja yanachipua matatu, basi kila Jumapili anatuletea mfuko, majani yameoshwa, yamefungwa mafungu mafungu kwa nyuzi zilizobaki za cherehani na kuviringishwa gazeti lenye unyevu. Sisi tuko wanne tu. Mume wangu anasema mnanaa unamkumbusha dawa ya meno, watoto wanachambua kila kitu cha kijani na kukipanga pembeni mwa sahani, na mimi nikirudi kazini nimechoka, nani atasimama kuchambua kotimiri? Droo ya chini ya friji ikawa tope jeusi. Nikawa natupa. Nafunga mifuko miwili ili hata jirani asione, halafu Jumapili mama akiuliza, "Yalitosha?" namjibu, "Mama, tumeyamaliza yote, hata hayakutosha." Naye akazidi kupanda.

Siku moja nikaona bora nipeleke kazini kuliko kutupa, nikaweka mafungu kwenye meza ya chai, fundi wa mashine akanusa mrehani akasema, "Haya ya wapi? Haya si ya sokoni haya." Nikamjibu, "Nimepanda mwenyewe." Shangazi, sijui lilitoka wapi neno hilo. Labda ni kwa sababu nina miaka sita pale na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu zaidi ya "bosi yupo?", na siku hiyo watu watano walinizunguka wakinisifu. Tangu hapo kila Jumatatu wakawa wananisubiri, wakanipa na jina, Bibi Shamba, wakaanza kuniletea maswali, kwa nini kotimiri yao inageuka njano, rozmari inamwagiliwa mara ngapi, na mimi ambaye sijawahi kuotesha hata mchicha nikawa natoka nje nampigia mama mkwe simu, namuuliza kana kwamba ni mimi ninayetaka kujua, kisha narudi ndani nawahubiria kwa maneno yake yale yale.

Mama alifurahi, na hapo ndipo panaponiuma zaidi. Zamani tulikuwa watu wa kujuliana hali na kuulizana habari za watoto, basi, lakini simu zile zilimfungua, akawa anacheka, akanikatia vipando vya kuanzia, akanieleza jinsi mzee wake alivyolibeba lile sinki mgongoni huku majirani wakimcheka, akawaambia mawifi zangu kwamba sasa amepata mtu wa kuongea naye. Vile vipando vilikauka dirishani wiki ile ile. Nilimwambia vinaendelea vizuri.

Wiki iliyopita nilisahau funguo za nyumba kwake, akaniletea hadi kazini. Alipojitambulisha kuwa ni mama mkwe wangu, fundi wa mashine akampokea kwa mikono miwili. "Mama, una bahati ya mkamwana! Chochote anachopanda kinashika. Sisi wote hapa tunakula bustani yake." Mama akanitazama. Nilitaka kusema, nikafungua mdomo, nikaufunga. Akavuta mtandio wake akafunika mikono, maana kucha zilikuwa na udongo, akasema, "Ni kweli, mwanangu. Huyu ana mkono mzuri." Akanipa funguo zangu akaaga.

Tangu siku hiyo hajapiga simu na mimi sijathubutu. Jumapili hakuja, alimpa mume wangu mfuko mkubwa kuliko yote aliyowahi kuleta, na maneno haya: "Mpe mkeo, wenzake wa kazini wasikose." Sijui ni hasira au ni wema. Mfuko uko kwenye friji, sijaufungua. Na sasa bosi anataka nipande bustani kando ya ukuta wa nyuma wa kiwanda, nianze Jumatatu ijayo, wafanyakazi wote wawe wasaidizi wangu. Nimefikiria niseme mimea yangu imekufa kwa ugonjwa, au nimbembeleze mama anifundishe kimya kimya bila wenzangu kujua. Nishike lipi, Shangazi? Naona haya hata kujitazama kwenye kioo.

Bibi Shamba wa Uongo

*

Bibi Shamba,

Pole. Sasa kaa vizuri, maana nina maneno na wewe.

Kutupa majani hakukunikasirisha sana. Nyumba yenye midomo minne, na mitatu inasusa, haiwezi kumaliza mfuko mzima kila wiki. Ungesema tu, "Mama, tunashukuru, ila kwetu ni mengi, tuletee fungu moja moja." Angekuelewa. Maisha yake yote alikuwa akipunguza nguo zinazowapwaya watu, angeshindwaje kupunguza mnanaa? Wewe ukaona uongo ndio adabu, ukamwacha mjane wa watu ainame kupanda chakula cha pipa la taka.

Hizo njia zako mbili zitupe zote. Ugonjwa wa mimea ni uongo mwingine wa kuuvisha ule wa kwanza. Na hilo la kufundishwa kimya kimya sikulitegemea kwa mwanamke mzima mwenye watoto. Yaani umemnyang'anya jasho lake, sasa unamtaka akusaidie kulibeba?

Unaniuliza kama ni hasira au ni wema. Mwanangu, ameumia. Mwenye hasira angekuumbua pale pale, tena alikuwa na haki. Yeye akakusitiri. Na wala si majani yaliyomuuma. Naamini njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akizikumbuka simu zile, moja baada ya nyingine, akijiuliza kama kuna hata moja uliyompigia yeye. Mtu aliyezika mume alidhani amepata rafiki. Hilo ndilo deni lako, hayo mengine ni mboga tu. Na nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia asante. Sikupaona.

Najua umeona haya, na sitakucheka. Kukaa mahali miaka sita bila kuonekana kunamfanya mtu aseme mambo ya ajabu siku akitazamwa. Lakini hao wenzako hawajakupenda kwa sababu ya kotimiri peke yake. Waliokuja kwa harufu, wakabaki kwa maongezi, wataendelea kubaki. Watakaoondoka, waage salama.

Fungua huo mfuko leo, kabla haujawa tope. Kotimiri na mnanaa vikatekate, jaza kwenye trei ya barafu na maji kidogo, gandisha, ukipika supu unadondosha kipande kimoja. Mrehani usage na mafuta, kitunguu saumu na chumvi, uuweke kwenye friza, hakuna mtoto anayeweza kuchambua kilichosagwa. Rozmari na mchaichai tundika kichwa chini penye kivuli na upepo, vikikauka ni chai ya miezi. Ukishughulika hivyo mara moja tu, utajua kazi ya mikono ya mwenzako ilivyo.

Kisha Jumamosi nenda kwake. Nenda peke yako, mume usimfanye ngao. Usianze na maelezo ya kazini. Mwambie ulitupa, ukadanganya, ukajisifia, ukanyamaza alipokutazama. Mwambie vipando vilikufa. Akilia, mwache alie. Akinyamaza, kaa naye hapo hapo anyamaze mpaka atosheke, usikimbilie kuaga.

Jumatatu, kwenye meza ya chai, waambie wote kwamba bustani ni ya mama mkwe wako na maneno yote mliyokuwa mkiyasikia ni yake. Usiongeze utani. Kisha mwambie bosi amwalike yeye. Akikubali kuja, wewe ndiye utakayebeba maji. Akikataa, ukuta ubaki mtupu, na kila anayeuliza umweleze ni kwa nini.

Shangazi