Mama Anamsubiri Marehemu Koridoni, na Aliyemleta ni Mimi

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana nimeshajikasirikia mwenyewe vya kutosha na haijasaidia kitu. Mimi ni binti wa mwaka wa mwisho chuoni, nasomea mambo ya habari na filamu, na mwaka huu kila mmoja wetu anatakiwa kutengeneza filamu fupi, mimi nikachagua ya kutisha, si kwamba nazipenda, ila wenzangu walisema ndiyo rahisi, unahitaji nyumba tu na mtu wa kupiga kelele. Hakuna aliyeniambia kwamba kabla ya kushika kamera kuna utafiti, kuna kupanga, kuna kuchora kila picha kwenye karatasi, na kwamba mwalimu wetu wa filamu ukimpelekea damu na mlango unaojifungua wenyewe anakurudishia kazi yako hajafika hata nusu, anakwambia nenda kawaulize watu wanaogopa nini hasa, usiniletee unachodhani wanaogopa.

Basi nikazunguka kuuliza. Niliwauliza wanafunzi wenzangu, kinyozi wa mtaani kwetu, wasusi wa saluni ya jirani, mama yangu mdogo, yeyote aliyekubali kusimama. Kinyozi alisema yeye hana anachoogopa isipokuwa mteja anayesinzia wembe ukiwa shingoni. Damu waliicheka karibu wote. Lakini msusi mmoja, huku vidole vyake vikiendelea na kichwa cha mtu, alisema kinachomtisha yeye ni kusikia kitu anachokijua mahali ambapo hakitakiwi kuwepo, na iwe mchana, maana usiku mtu anakuwa ameshajiandaa. Nikaona filamu yangu ndiyo hiyo, mwanamke yuko peke yake nyumbani mchana kweupe, anasikia mtu anatembea koridoni, akitoka hakuna mtu. Mwalimu akaipenda. Akasema nitengeneze hiyo sauti na niijaribu kwa mtu halisi nione mwili wake unafanya nini, ili baadaye nimwelekeze mwigizaji. Nadhani alimaanisha wenzangu wa darasani. Mimi nikamjaribu mama.

Mama ni mpishi katika shule ya msingi, anatoka asubuhi mapema, mchana akirudi anajilaza na mlango wa chumba chake unakuwa wazi. Baba alifariki mwaka juzi. Alikuwa fundi mwashi, alianguka kazini nikiwa mdogo na mguu wake mmoja haukurudi kuwa sawa, kwa hiyo maisha yangu yote nimemjua kama mtu wa kupiga hatua moja na kuiburuta ya pili. Sasa kutengeneza ile sauti nilihitaji kiatu kizito, nikaingia stoo nikachukua cha kwanza nilichokiona, kilikuwa chake, cha ngozi, cha wazi, nikakivaa mkononi, nikakipiga sakafuni na kukiburuta, nikakipiga na kukiburuta, huku simu inarekodi. Shangazi, nakuapia sikukusudia. Nilipoisikiliza nilichoona ni kwamba imetoka vizuri.

Nikaficha spika ndogo nyuma ya pipa la maji pale koridoni, kamera ya chuo nikaiegesha juu ya kabati, nikajifungia chumbani kwangu nikaicheza ile sauti. Nilitegemea mama ataruka, ataniita, atauliza nani yupo. Hakuruka wala hakuita. Halafu nikasikia kitanda kinalia, akatoka akijifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akavuta kigoda akakaa katikati ya korido, akasema, kwa sauti ile anayozungumza nayo siku zote, "Leo umechelewa."

Ningetoka palepale nikamwambia ukweli, yangeisha kwa kupigwa kofi na kucheka. Sikutoka. Nikaipeleka ile video darasani kama sehemu ya utafiti, hata wale wanaochezea simu waliinua vichwa, mwalimu akasema achana na mwigizaji, filamu yako ni hii hapa, endelea kurekodi. Alidhani mama anajua. Sikumsahihisha.

Na sasa linakuja lile linaloninyima usingizi. Kuna dereva wa basi la shule anayopikia mama, mtu mzima, naye alifiwa na mke wake. Amekuwa akimpeleka mama nyumbani kwa muda mrefu, na miezi michache iliyopita alimwomba wafunge ndoa. Mama alikubali, mama mdogo akaambiwa, ikabaki kutafuta tarehe. Ni mpole yule baba, lango letu lilikuwa linakwama akalitengeneza bila kuombwa, mimi ananiita "Bosi wa Kamera" na kuniuliza habari za masomo. Wiki ile ile ya sauti mama alimwambia haiwezekani tena. Alimwambia, "Mwenye nyumba bado yumo." Yule baba akanisubiri langoni, hakuwa na hasira, akaniuliza kwa adabu zote kama kuna jambo alilokosea. Nikamjibu sijui.

Mama siku hizi haongozani na mtu, akitoka kazini anakimbilia nyumbani, anaoga, anabadilisha gauni, anakaa kwenye kigoda. Anamsimulia baba mambo ya jikoni, nani kaunguza wali, nani kagombana na nani, anamsimulia habari zangu pia, kwamba nasoma kwa bidii na nimekonda. Siku nisipoicheza sauti hali chakula. Nilijaribu kuacha, akanijia mlangoni akaniuliza kama nimemkosea baba yangu, uso umemshuka, basi kesho yake nikaicheza tena, na nimekuwa nikiicheza hivyo hivyo, kila mchana, narudi mbio kutoka chuoni kabla yake niwashe spika, kazi za masomo mengine zimelala, nimechoka, Shangazi, nimechoka kupita kiasi, natamani hata ile spika iharibike yenyewe.

Mama mdogo anasema dada yake anarukwa na akili. Jumapili hii ndugu wanakuja kukaa kikao, wamegawanyika, wengine wanataka apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, wengine wanataka nyumba iombewe. Mimi nina wazo langu moja, nalo ndilo nataka uniambie kama ni zuri. Nimefikiria nisiseme kitu, niwe napunguza sauti ya spika kidogo kidogo kila siku, kama tunavyopunguza muziki mwishoni mwa filamu, mpaka mama mwenyewe aone kwamba baba ameondoka taratibu. Hapo hakuna atakayeumia. Nikimwambia ukweli itakuwa nimemzika baba mara ya pili mbele yake. Nifanyeje?

Wako, Bosi wa Kamera


SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, kwanza pole, maana uchovu wako nimeusikia na si wa kujifanya. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Hilo wazo lako la kupunguza sauti kidogo kidogo ni baya kuliko yote uliyokwisha kufanya. Umelipamba likaonekana huruma. Mama yako alishamlilia mume, akamzika, akavaa huzuni yake na akaivua mwenyewe alipokuwa tayari. Wewe umemrudishia yule mume, na sasa unataka afe tena polepole, kila siku hatua zinafifia, huku mama wa watu amekaa kwenye kigoda akijiuliza amekosa nini mpaka anaachwa. Unasema hakuna atakayeumia. Ataumia yeye, kila mchana, na wewe utakuwa umeshika kitufe.

Lingine. Mara ya kwanza ulikuwa unafanya utafiti, na hilo naweza kulimeza. Vijana mkipewa kazi ya shule mnasahau kwamba nyumbani kuna watu. Lakini video ulishaipata, darasa lilishaiona, alama zako zilikuwa salama. Ukaendelea. Umeniambia ni kwa sababu mama hali chakula, na nakuamini. Ila yule baba wa basi alipokuuliza amekosa nini, ulikuwa na jibu mdomoni ukalimeza, na katika barua yote hii ndefu hukuandika hata mara moja kwamba ulisikitika ndoa ilipovunjika. Nimeirudia kuhakikisha. Inawezekana kuna sehemu yako ilipumua. Inawezekana hutaki viatu vya mwanamume mwingine kwenye ile korido, hata awe mpole namna gani. Mtoto kuhisi hivyo si dhambi. Lakini mwambie mama yako kwa mdomo wako, usimtume marehemu akusemee.

Na hilo la "sikukusudia" tuliache. Stoo nzima, ukashika kiatu kile. Hukukipiga tu sakafuni, ulikipiga na kukiburuta. Mkono wako ulikuwa unajua unachokifanya, wewe ndiye uliyechelewa kujua.

Sasa nisikilize. Jumapili haitakiwi kukukuta hujasema. Ndugu wakishakaa kikao juu ya akili ya mtu, hata ukweli ukija baadaye yule mtu hapewi tena heshima yake, kila akisahau sufuria motoni watatazamana. Mama yako si mgonjwa. Alisikia sauti kweli, na ilikuwa ya kiatu cha mumewe kweli, angekuwa mtu wa namna gani asiitambue? Hilo ndilo utakalowaambia ndugu, tena uanze na mama mdogo, kwa maneno hayo hayo, na usijitetee.

Lakini kabla yao ni mama. Mwache arudi, aoge, ale kwanza, hata kama ni kwa kumbembeleza, hakikisha amekula. Usiwashe kitu. Chukua spika na kile kiatu, uviweke mbele yake, na neno lako la kwanza liwe, "Mama, ile sauti ilikuwa ni mimi." Usianze na chuo. Usianze na mwalimu, wala msusi, wala nani anaogopa nini. Mtu akianza na sababu, anayesikiliza anajua anaviziwa. Baada ya hapo omba msamaha, neno ambalo katika barua yako nimelitafuta sikuliona, kisha nyamaza. Atakalosema ulipokee. Akikufukuza mbele yake, toka, lakini usiende mbali. Akitaka kuisikia ile sauti mara moja zaidi, mwashie, na akitaka kiatu akilaze kitandani kwake, hakikuhusu. Anaweza akakaa kimya siku nyingi. Umpikie na uvumilie.

Video ile ni ya mama yako. Mrudie mwalimu wako umwambie ulimrekodi mtu bila yeye kujua, na kwamba haionyeshwi tena mpaka mwenyewe aseme ndiyo, na akisema hapana ifutwe yote, na wewe uanze kazi upya. Najua muda umekwisha. Utapata alama za chini, na wapo wengi wenye alama za chini ambao wanalala vizuri. Ukifanikiwa kwenye kazi hii utaingia nyumba nyingi za watu na kamera begani, bora ujifunze sasa kugonga mlango.

Yule dereva usimwendee. Najua mguu unakuwasha ukamweleze, uonekane umetengeneza ulichovunja. Hapana. Ndoa ile ilikuwa ya mama yako, akitaka atamtafuta mwenyewe, na asipotaka pia ni haki yake, na hutakuwa na cha kumlaumu yeyote. Wewe ukikutana naye langoni, mwambie tu kwamba hakukosea kitu. Hilo unadaiwa na nafsi yako kulisema.

La mwisho, halafu nikuache upumzike. Umeniandikia mama anakaa wapi, anavaa nini, anamwambia baba yako maneno gani, mpaka habari za wali kuungua unazijua. Kujua yote hayo ni lazima kila mchana uwe umekaa nyuma ya mlango wako, unasikiliza. Mwanangu, ile spika ulikuwa unaiwasha kwa ajili ya watu wawili. Kwa hiyo ukishamwambia ukweli, na akishamaliza kukukasirikia, fungua huo mlango, ukae chini sakafuni karibu na mama yako, mlie. Aliyekufa alikuwa baba yako, na sidhani kama kuna mtu amekupa pole.