Pasi Iliyozama kwenye Pipa

Baba Mithika,

Usitoke uani hata kwenda kutafuta tumbaku. Huna pasi ya kusafiria, na askari wa doria hatajali kwamba wewe ni mzamiaji.

Nimekuacha umelala, nimekwenda kwa chifu kukuombea nyingine. Lori la Dekow linaondoka Makutano kesho asubuhi. Ukilikosa, umekosa treni ya Mombasa, na mashua ya Kiunga haitakungoja. Viazi vikuu viko chunguni. Vile vikubwa ni vya safari, usiviguse.

Lakini jamani! Mtu anaitwa kutoka huku Meru akaopoe mali ya meli iliyozama, naye asubuhi anajitosa kwenye pipa kujizoeza kubana pumzi, pasi ikiwa mfukoni! Tena wewe, unayelalamika maji ya kuoga yakipoa. Wino wote umetoka. Imebaki picha yako tu, nayo imevimba mashavu. Nimeibeba nikamwonyeshe karani, acheke kwanza.

~~Labda Mungu hataki uende.~~

Nimefuta. Ukweli ni kwamba nilipoiona imelowa nilifurahi, kisha nikaona aibu. Ndiyo maana nimekwenda mwenyewe.

Ukifika huko chini, kumbuka kwamba na huku kuna mtu amebana pumzi. Usimcheleweshe.

Mama Mithika