Abee Isiyo Yangu

2 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Hujambo huko? Sisi tu wazima kwa kadiri yetu. Mama anakula, miguu haimuumi. Kichwa tu ndicho kinachosafiri bila kumuaga mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaanza kulia mapema, nami sijamaliza kusema.

Ile kliniki ya akili ya wazee, nyuma ya soko, imefungwa. Wanasema imehamishiwa hospitali kuu. Ni mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na Mama akishuka basi la kwanza ameshasahau tunakwenda wapi. Zamani nilimpeleka mara mbili kwa wiki, yule muuguzi mnene anakaa naye, anaongea naye, mimi nashona. Sasa anashinda dukani kwangu, kwenye kiti karibu na pasi.

Si mimi peke yangu. Katika cherehani zangu saba, tatu zimefunikwa shuka; mafundi wako nyumbani wanalinda wazazi wao. Kwa hiyo sare za shule zimechelewa. Kwa hiyo watoto wa darasa la kwanza wanarudishwa getini, na mama zao wanakuja kunitukana mlangoni. Nimewaambia wakalitukane kufuli la kliniki. Mwalimu mkuu mwenyewe anakwenda kazini na baba yake. Mzee anakaa dawati la nyuma na kunyoosha mkono kila swali. Tunacheka, lakini mtaa mzima umegeuka wodi isiyo na daktari.

Sasa nikuambie kinachonikereketa. Mama ananiita Fundi. Jina langu hana habari nalo. "Fundi, ile nguo ya binti yangu iko tayari?" Binti mwenyewe ni wewe. Kila alasiri anapaza sauti, "Kitinda!", kisha anasubiri. Yule muuguzi alikuwa akimwitikia "Abee, mama," naye anatulia, anakunywa chai yake. Mimi siwezi. Aliyemwogesha asubuhi ni mimi. Gauni alilovaa nimelishona mimi. Uliondoka na begi moja na moyo wake wote, leo nikupe na abee yangu?

Wewe huko unawachana nywele mama za watu, kwenye nyumba ya wazee yenye bustani. Picha nimeziona. Hongera.

Dada yako


17 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Barua yako nimeisomea chumba cha kufulia, nimekaa juu ya kapu la mashuka. Picha hizo ni za upande wa mbele. Huku nyuma hatupigi.

Kazi yangu hapa nusu yake ni kuitika. Mmoja ananiita dada yake, mwingine mwanawe, yupo babu ananiita kwa jina la mbwa wake aliyekufa, na yeye pia namwitikia. Tulifundishwa tusiwasahihishe. Mzee anayeita hataki kitambulisho, anataka kujua kama kuna mtu. Kutwa naitikia majina ya watoto wa watu. Halafu Jumapili nikipiga simu nyumbani, Mama anauliza, "Nani mwenzangu?" Kisha anaanza habari za fundi wake: fundi ana mkono mwepesi, fundi hajamchoma sindano hata siku moja. Salio linaishia kwa fundi. Unadhani wivu unao peke yako?

Jina langu linaitwa huko kila siku, Dada, na hakuna anayeitika. Mwitikie. Asipoitikiwa, atatoka kunitafuta.

Mdogo wako, Kitinda


26 Februari

Kitinda,

Marahaba. Mgongo uko palepale. Ushauri wako nimeupokea. Kukata kitambaa cha mwenzio hakuumi. Abee siitoi. Anayeitwa Kitinda na aje aitike.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Shikamoo. Simu yako inaita tu, Jumapili ya tatu sasa. Sitaki kubishana. Niambie kama Mama yuko.

Kitinda


28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama yuko, mzima. Nilikuwa naona haya kushika simu.

Aliita, nikaendelea kukata kitambaa. Akaita tena, nikabana midomo. Nilipoinua macho kiti kilikuwa kitupu. Siku nyingine asingefika mbali, mtaa wetu una macho. Lakini mshona viatu alikuwa amefunga kibanda akamlishe mama yake, na duka la dawa limefungwa kwa sababu hiyohiyo. Nani amwone?

Nilimkuta getini shuleni, kandambili moja mguuni, katikati ya watoto waliorudishwa kwa kukosa sare zangu. Anamuuliza kila mmoja kama amemwona Kitinda. Baba yake mwalimu mkuu amemshika mkono, naye anaulizia. Nikasema, "Mama, twende." Akasema, "Wewe Fundi nenda tu, mimi namngoja mwanangu," akakumbatia nguzo ya geti. Jua likazama yuko hapo. Akaita tena.

Nikasema, "Abee, mama."

Akageuka. Jicho lile sijawahi kutazamwa nalo, nikajisemea, kumbe hiki ndicho ulichokuwa unakula peke yako. Akaninong'oneza: "Njoo, na usimuudhi dada yako. Tumefika hapa kwa mikono yake. Simsifu mbele yake, atavimba kichwa, halafu nani atashona?"

Nikaitika tena.

Sasa nawahi kuitika kabla hajalimaliza jina, maana baada ya abee huja habari zangu. Wivu haujaisha, umehamishwa tu kama ile kliniki: sifa zangu anaambiwa Kitinda.

Fundi wa vifungo amemleta baba yake, na wa mikono mama yake. Viti karibu na pasi ni vitatu, cherehani mbili zimefunuliwa, na anayeitwa tunamwitikia sote. Lakini asije mtu akasema tumeweza wenyewe. Dawa hatuna, muuguzi hatuna, na yule baba jana kanizaba kofi akidhani nimemwibia koti.

Jumapili piga simu. Mama akiuliza nani mwenzake, mwambie ni Fundi. Atakupa habari za binti yake mpaka salio liishe.

Dada yako